Tusikubali tarakilishi nzima izikwe kwa sababu ya kalenda

Siku ya Jumatatu, tarehe 30 Juni mwaka 2025, niliketi katika saiba moja mjini Migori nikiwasaidia wazee wawili na mama mmoja kutuma taarifa zao za kodi. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa uzito wa tarehe hiyo. Ndiyo siku ya mwisho ya kila raia mwenye PIN ya KRA kuwasilisha taarifa ya mapato ya mwaka uliotangulia, awe alipata kitu au hakupata, na anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Foleni ilikuwa imefika barazani. Mama huyo, mchuuzi wa omena kutoka Sori, alikuwa ameabiri matatu alfajiri, na nauli ya kurudia ameifunga kwenye pindo la leso.

Tulikuwa tumebakisha ukurasa mmoja pale kiwambo kilipobadilika rangi ghafla. Kazi yote ikatoweka, na mahali pake pakatokea maneno ya kutuarifu kwamba mashine inasasishwa na kwamba tusiizime. Asilimia 3. Baada ya robo saa, asilimia 11. Ilipofika asilimia 27 umeme ukakatika.

"Japuonj, imekufa?" mama akaniuliza. Hivyo ndivyo Wajaluo wanavyomwita mwalimu, na mimi nilishika chaki kwa miaka mingi kabla ya kustaafu.

"Haijafa, mama. Inabadilishwa nguo tu," nikamjibu. Hakucheka, na wala sikumlaumu.

Umeme uliporejea, mashine ile iliwaka, ikazunguka kwa muda, ikajizima, ikawaka tena, na ikaendelea na mchezo huo hadi kijana mwenye saiba akaing'oa waya kwa hasira. Ilitubidi tuanze upya katika mashine nyingine, nyuma ya watu kumi na wanne. Tulimaliza saa mbili za usiku. Magari ya kwenda Sori yalikuwa yamekwisha, na mama yule akalala kwa jamaa yake.

Sitaitaja saiba ile, wala sitautaja mfumo uliokuwa ndani ya mashine ile, kwa kuwa sikushika kalamu ili kumshtaki mtu. Nimeishika ili niulize swali ambalo limenisumbua tangu siku hiyo: tarakilishi ninayoinunua kwa fedha zangu, nikaiweka juu ya meza yangu na kuilipia umeme, ni ya nani hasa?

Labda ni vyema kwanza tuelewane kuhusu jambo tunalolizungumzia. Ndani ya kila tarakilishi mna programu moja kuu iitwayo mfumo endeshi. Hiyo ndiyo inayoiamsha mashine, ikazipa nafasi programu nyingine, ikatunza faili, ikaongea na printa na mtandao. Bila mfumo endeshi, tarakilishi ni sanduku la bati na plastiki. Mfano wake ni nahodha katika chombo: abiria hawamjali bahari ikiwa shwari, lakini akiamua kugeuza tanga bila kuwauliza, ndipo wanapotambua ni nani aliyeshika usukani.

Mimi si mgeni wa mashine hizi. Mara ya kwanza kuiona tarakilishi ilikuwa Homa Bay, katika ofisi moja, siku zile mji huo ulipokuwa makao makuu ya Wilaya ya Kusini mwa Nyanza na Migori bado haijawa wilaya. Kiwambo kilikuwa cheusi na maandishi yalikuwa meupe. Hakukuwa na kipanya wala picha. Ulilazimika kuzikariri amri za DOS kama mtoto wa madrasa anavyokariri sura, na ukikosea herufi moja mashine ilikujibu kwa ukavu kwamba amri hiyo haijulikani. Hata hivyo, ilikuwa na adabu moja ambayo siku hizi naikumbuka kwa hamu: haikufanya lolote hadi uiamrishe.

Baadaye nikaja kuzijua Windows 3.1 ya mwaka 1992 na Windows 95 iliyotoka Agosti mwaka 1995, ambayo ilituletea kile kitufe cha kuanzia kwenye pembe ya kushoto. Nilifurahi kama kila mtu. Ilipokuja Windows XP mwaka 2001, tuliizoea kiasi cha kuidhania kuwa ndiyo tarakilishi yenyewe. Walimu wengi wa rika langu walijifunza kuandika mitihani, kupanga alama na kuchapisha ripoti za wanafunzi kwa kuitumia. Ilihudumiwa hadi tarehe 8 Aprili 2014, yaani zaidi ya miaka 12.

Tangu hapo mwendo umebadilika. Windows 8 ilitolewa mwaka 2012 bila kitufe cha kuanzia, na watumiaji wa dunia nzima wakapiga kelele hadi kikarudishwa mwaka uliofuata. Julai mwaka 2015 ikaja Windows 10, na mfanyakazi mmoja wa Microsoft akasema hadharani mwaka huo kwamba hiyo ndiyo Windows ya mwisho. Wengi tulilitia neno hilo moyoni. Mwaka 2021 ikatolewa Windows 11.

Kwa hakika, mabadiliko si kosa. Kinachomchosha mtumiaji wa miaka mingi ni namna yanavyoletwa. Unaamka asubuhi na kukuta chombo ulichokizoea kimehamishwa chumba. Kitu ulichokifanya kwa hatua mbili sasa kinahitaji tano. Mashine mpya inakataa kuwashwa hadi uwe na mtandao na ufungue akaunti kwa kampuni iliyo ng'ambo, kana kwamba ni lazima umbishie hodi mwenye nyumba kila unapotaka kuingia kwako. Kwenye orodha ya programu zako pametundikwa matangazo ambayo hukuyaomba. Nayo masasisho yakija, huja yakiwa makubwa, yakala bando ya data uliyoinunua ili mtoto wako ajaze fomu ya mkopo wa masomo.

Msomaji asidhani kwamba haya ni manung'uniko ya mzee wa Migori aliyeachwa nyuma na wakati. Kati ya mwaka 2015 na 2016, watu wengi walilalamika kwamba dirisha la kuwahimiza wahamie Windows 10 lilikuwa likiwatokea kila mara, na kwamba kwa muda fulani hata aliyebonyeza alama ya kulifunga alihesabiwa kuwa amekubali. Mwanamke mmoja wa jimbo la California, mwenye biashara ya uwakala wa usafiri, alikwenda mahakamani akidai kuwa mashine yake ilijaribu kuuweka mfumo huo bila idhini yake na ikaharibika. Alishinda, akalipwa dola 10,000. Kwa hiyo swali langu la umiliki limekwisha kuulizwa mbele ya hakimu, tena katika nchi ile ile zinakotengenezwa programu hizi.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niandike leo. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10. Mashine hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka na kuandika barua kama kawaida. Kilichokoma ni utoaji wa bure wa viraka vya usalama, yaani yale marekebisho ya kuziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni huipenyeza mikono yao.

Kwa mwenye tarakilishi mpya hilo si tatizo, kwani anahamia Windows 11 bila malipo. Tatizo ni kwamba Windows 11 ina masharti. Inadai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na inadai kichakataji cha karibuni. Kwa kukadiria tu, mashine nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 hazitimizi masharti hayo hata zikiwa na kasi ya kutosha, diski nzuri na betri inayodumu. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwishoni mwa mwaka 2023 kwamba takriban tarakilishi milioni 240 duniani zingeweza kugeuka taka kwa sababu hiyo. Mashine hizo hazikuvunjika wala kuungua. Kalenda ndiyo iliyozihukumu.

Watetezi wa kampuni husema kwamba miaka 10 ni muda mrefu, na kwamba hakuna fundi anayeweza kuishona nguo ile ile milele. Ni hoja yenye uzito na siwezi kuipuuza. Hata hivyo, miaka hiyo 10 inahesabiwa kuanzia wapi?

Chukua mfano wa kipakatalishi kilichoundwa mwaka 2016. Kinanunuliwa kikiwa kipya na ofisi moja mjini London. Kinatumika huko kwa miaka mitano, kisha ofisi inanunua vingine. Kinauzwa kwa jumla, kinatiwa ndani ya kontena, kinashushwa Mombasa, kinapanguswa vumbi Nairobi, na mwaka 2022 kinafika dukani Homa Bay. Mwalimu wa shule ya msingi anakinunua kwa mkopo wa chama cha akiba. Kwake yeye ni kipya. Miaka mitatu baadaye, pengine kabla mkopo haujaisha, anaambiwa kwamba muda wa mfumo wake umekwisha na kwamba mashine yake haistahili mwingine. Mtu wa London alipata miaka mitano ya amani. Mwalimu wa Homa Bay amepata mitatu, na ndiye aliyelipa kwa jasho zaidi.

Ndivyo ilivyo katika sehemu zetu. Tembea barabara kuu ya Migori, kisha upande gari upitie Awendo, Rongo na Rodi Kopany hadi ufike Homa Bay penye ziwa. Kila kituo utakachoshuka utakuta kijiduka chenye tarakilishi tatu au nne, printa moja, mashine ya kutoa nakala na kibao cha kutangaza huduma za mtandao. Tarakilishi hizo, kwa sehemu kubwa, ni za mkono wa pili au wa tatu. Vijiduka hivyo vimekuwa ofisi za Serikali bila kuapishwa. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimehamishiwa kwenye mtandao wa eCitizen. Cheti cha kuzaliwa, pasipoti, leseni ya udereva, taarifa ya kodi, nafasi ya chuo kikuu, mkopo wa masomo, vyote hivyo sasa hupitia kwenye kiwambo. Yule asiyekuwa na kiwambo, au asiyejua kukitumia, huenda saiba.

Yamkini msomaji wa mjini atasema kwamba simu ya mkononi inatosha. Inatosha kwa baadhi ya mambo. Lakini mjaribu mzee wa miaka sabini, macho yamefifia, ajaze fomu ya kurasa sita kwenye kiwambo cha ukubwa wa kiganja, kisha aambatishe nakala za hati zake na kuzichapisha. Atakuja saiba tu.

Basi tafakari. Katika siku moja, mashine moja ya saiba hupokea nywila za watu ishirini au thelathini. Hupokea nambari za vitambulisho, picha za hati za ardhi, barua za hospitali. Ikiwa mashine hiyo haipati viraka vya usalama, ni sawa na nyumba ya kulala wageni ambayo kila mlango wake hauna komeo. Mchuuzi wa omena hana njia ya kujua. Yeye huona kiwambo kinawaka, akaamini.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Mwezi Mei mwaka 2017, programu ya kihalifu iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150 kwa muda wa siku chache, ikafunga faili za watu na kudai fidia. Hospitali nyingi za Uingereza ziliahirisha matibabu. Mwanya ulioutumia uhalifu huo ulikuwa umekwisha kutengenezewa kiraka mwezi Machi mwaka huo. Waliokumbwa ni wale ambao hawakukiweka, pamoja na wale waliokuwa na mifumo iliyokwisha kuachwa. Mvuvi yeyote wa Homa Bay analijua jambo hili bila kufundishwa: wavu usioshonwa jioni huwapoteza samaki alfajiri.

Kwa hiyo sisemi kwamba masasisho hayana maana, na siwashauri watu wayazime. Nasema kinyume chake. Kwa kuwa masasisho ni muhimu kiasi hicho, haiwi haki yaletwe bila kujali kazi ya mtu, na haiwi haki yakomeshwe kwa mwenye mashine nzima ati kwa kuwa alizaliwa mahali ambapo vitu vipya hufika vikiwa vimezeeka.

Kampuni yenyewe ilitoa njia ya kuongeza muda. Mtumiaji wa nyumbani aliruhusiwa kupata mwaka mmoja zaidi wa viraka, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa kulipa dola 30, au kwa kukubali mipangilio yake ihifadhiwe katika sava za kampuni, au kwa kutumia alama za tuzo zake. Dola 30 ni kama shilingi 3,900. Kwa biashara, bei ilikuwa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na huongezwa maradufu kila mwaka unaofuata. Mwenye saiba ya mashine nane angetakiwa kutoa dola 488, karibu shilingi 63,000, ili apate viraka vya mwaka mmoja. Shule ndizo zilizofikiriwa kwa huruma, zikawekewa dola 1 kwa kila mashine mwaka wa kwanza. Nawasihi walimu wakuu walijue hilo.

Lakini hapa pana kisa ambacho kimenifanya niache kulalamika na kuanza kufikiri. Watumiaji wa nyumbani katika nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya walipewa mwaka ule wa ziada bila kulipa na bila sharti lile la kuhifadhi mipangilio yao kwa kampuni. Kwa nini wao? Je, mashine zao ni nzima kuliko zetu, au umaskini wao ni mkubwa kuliko wetu? La hasha. Ni kwa sababu vyama vyao vya kuwatetea wateja viliandika barua, vikataja sheria za kwao, vikadai. Na mwezi Septemba mwaka 2025, wiki chache kabla ya siku yenyewe, kampuni ikalegeza masharti.

Wao walisema, wakasikilizwa. Sisi hatukusema neno.

Na si kwamba hatuna sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa hizo, na haki ya kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi. Tunayo Sheria ya Kumlinda Mteja ya mwaka 2012. Tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Tunayo pia Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomtaka mzalishaji abebe wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kutumika. Kichwa cha sheria hakipigani chenyewe. Lazima pawe na mtu wa kukitaja mbele ya anayehusika. Mtoto asiyelia hafikiriwi ziwa.

Labda msomaji atauliza: sisi wa Migori na Homa Bay tutafanya nini, ilhali makao makuu ya kampuni hizi yako Marekani? Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji kwenda ng'ambo.

La kwanza linahusu ununuzi wa umma. Kaunti zetu mbili, kama nyinginezo, zimekuwa zikinunua tarakilishi tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013: za hospitali, za ofisi za wadi, za vyuo vya ufundi. Katika kila zabuni huandikwa ukubwa wa diski na upana wa kiwambo. Ni nadra kukuta sharti lisemalo kwamba mfumo endeshi wa mashine hiyo utahudumiwa hadi mwaka gani. Sharti hilo ni la mstari mmoja. Wajumbe wa mabunge ya kaunti wakilidai, mfanyabiashara hatathubutu kutuletea mashine iliyobakisha mwaka mmoja wa uhai kwa bei ya mashine mpya.

La pili linamhusu kila mnunuzi. Uendapo dukani, usiulize tu bei na ukubwa wa kumbukumbu. Uliza: mashine hii itakubali mfumo gani, na mfumo huo utahudumiwa hadi lini? Muuzaji asipojua, ondoka uende duka la pili. Akijua lakini asikuambie, amekunyima habari ambayo Katiba inakupa haki ya kuipata. Hapo penye desturi ya kuuza mashine zenye nakala za magendo za mfumo, jihadhari zaidi, maana huwezi kujua mvunja kufuli aliacha nini ndani ya nyumba.

La tatu ndilo gumu, nalo ni kujifunza njia nyingine. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alikitoa kiini cha mfumo uliokuja kuitwa Linux, akaruhusu ulimwengu ukitumie na kukirekebisha bila malipo. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliuanzisha mradi wa Ubuntu, mfumo mzima uliojengwa juu ya kiini hicho. Jina hilo ni la lugha za Kinguni, na Mswahili hahitaji kamusi ili alielewe: ni utu. Mifumo ya namna hii hukubali mashine kuukuu, huendelea kupewa viraka bila malipo, na husasishwa saa ile unayoitaka wewe. Simu nyingi zilizomo mifukoni mwetu, zile za Android, zinaendeshwa na kiini hicho hicho cha Linux. Mchuuzi wa omena anakitumia kila siku bila kujua.

Nimejaribu mwenyewe. Kijana mmoja wa Homa Bay alinisaidia kuweka mfumo wa aina hiyo katika kipakatalishi changu kikuukuu. Kazi ya kuuweka ilichukua chini ya saa moja. Printa ilichukua siku mbili. Baadhi ya barua nilizotumiwa na ofisi fulani zilifunguka zikiwa zimepinda mistari. Nililazimika kujifunza upya mambo madogo ambayo vidole vyangu vilikuwa vimeyazoea kwa miaka thelathini, na kuna jioni nilitamani kukitupa kipakatalishi hicho ziwani. Lakini tovuti za Serikali zilifunguka zote nilizozijaribu, kwa kuwa hizo huhitaji kivinjari tu. Kwa saiba ambayo kazi yake kubwa ni kufungua tovuti na kuchapisha fomu, naona hiyo ni njia inayofaa kujaribiwa, hata kwa mashine mbili kati ya nane.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba njia hii haina miiba. Mji wa Munich nchini Ujerumani uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, ukahamisha takriban mashine 15,000, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura ya kurudi Windows. Kwa upande mwingine, askari wa Gendarmerie wa Ufaransa walianza kuhamia Ubuntu mwaka 2008, na wakaendelea nao. Ninachokiona mimi katika visa hivyo viwili ni kwamba programu peke yake haitoshi. Panahitajika watu waliofunzwa, na viongozi wasiobadili nia kila baada ya uchaguzi.

Watu wa kufunzwa tunao. Chuo Kikuu cha Rongo kipo Migori, na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kipo Homa Bay. Vyuo vya ufundi viko mikononi mwa kaunti. Je, ni muhali kwa taasisi hizi kuwafundisha wenye saiba, hata kwa Jumamosi chache, jinsi ya kuiokoa mashine iliyoachwa? Wala lugha si kizuizi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki katika kuitafsiri programu huria ya ofisi, wakaitoa kwa jina la Jambo OpenOffice, ikiwa na amri zake zote kwa Kiswahili. Ng'ambo ya mpaka wa Isebania wanasema kompyuta, huku tunasema tarakilishi, lakini "hifadhi" ni hifadhi na "chapisha" ni chapisha pande zote mbili. Kazi ilianzwa miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Tuliiacha ilale sisi wenyewe.

Nilimrudia yule kijana wa saiba ya Migori hivi karibuni. Ile mashine iliyokwama kwenye asilimia 27 bado ipo, imefunikwa kwa gunia nyuma ya kaunta. Nilimuuliza kama imeharibika. Akasema haijaharibika hata kidogo. Kila kilicho ndani yake ni kizima, ila haikubali mfumo mpya, na ule wa zamani anaogopa kuwawekea watu. Anangoja mnunuzi wa vyuma.

Nimemwomba asiiuze. Tumekubaliana kwamba Jumamosi ijayo tutalifungua gunia lile pamoja, na nitakuja na diski yangu. Haitakuwa rahisi, na printa itatusumbua. Lakini tarehe 30 Juni hurudi kila mwaka, na yule mama wa Sori atarudi nayo. Ningependa siku hiyo amalize shughuli yake na kuliwahi gari la jioni.